Longonot usiku: kelele isiyo na mwenyewe

Kila anayeswali jamaa anaijua ile amin. Imamu amaliza Al-Fatiha, na safu zote zaitikia kwa pamoja. Hakuna aliyepiga kelele. Kila mmoja ameitikia kwa sauti ya kawaida, sauti ambayo ingekuwa yake peke yake basi aliye kona ya msikiti angeisikia kwa shida. Lakini zikikutana za watu mia, ukuta wavuma, na muuza kahawa aliye barazani nje ajua swala imefika wapi. Ukimuuliza kila muumini, "Ni wewe uliyevumisha msikiti?" atakwambia si yeye, na atakuwa amesema kweli.

Niliikumbuka amin hiyo mahali ambapo sikutarajia: Longonot, saa saba ya usiku, nimejifunika blanketi mbili na usingizi umenikataa.

Nilikuwa njiani kwenda Nakuru kwa shughuli za kifamilia, nikapitia Longonot kuonana na mpwa wangu, ambaye ni dereva wa trela. Hubeba kontena kutoka bandarini Mombasa hadi Malaba, na safari hiyo alikuwa na kontena la baridi, lile lenye jenereta yake yenyewe ya kulipoza njia nzima. Tulikubaliana tukutane pale kwenye kituo kidogo kando ya barabara ya Mai Mahiu kwenda Naivasha, chini ya mlima. Nikachukua chumba kwenye nyumba ya wageni inayotazamana na uwanja wa malori. Nilipomuuliza kama mahali pale palalika alicheka. "Mjomba, hapa hulali. Hapa wafumba macho tu."

Wengi wetu Pwani twaujua Longonot kwa picha. Mlima wa mita 2,776, umekaa peke yake katikati ya Bonde la Ufa, na juu kabisa una shimo kubwa la volkano lenye msitu ndani. Wanafunzi hupelekwa kuupanda. Ukifika ukingoni mchana, watu husema, husikii ila upepo. Mimi sikupanda, magoti yangu hayataki tena mambo hayo. Nilibaki chini, na chini ndiko kwenye hadithi.

Baada ya swala ya isha uwanjani palikuwa na trela moja tu yenye jenereta inayonguruma, ya mpwa wangu. Nilisimama ng'ambo ya barabara, kiasi cha mita hamsini, nikatoa simu yenye programu ya kupima sauti. Nikangoja magari yakatike barabarani. Simu ikaonyesha 53. Najua simu si chombo cha kupelekwa mahakamani, lakini kwa kulinganisha usiku mmoja na sikio lilelile inatosha. Saa saba, nilipokata tamaa ya kulala, nikavaa koti nikarudi mahali palepale. Malori yalikuwa mengi, na nikahesabu jenereta tisa zinazonguruma. Simu ikaonyesha kati ya 62 na 63.

Hapa pana hesabu ambayo naomba msomaji anivumilie, kwa sababu ndiyo roho ya jambo lenyewe. Sauti hupimwa kwa desibeli, na desibeli hazijumlishwi kama shilingi. 53 na 53 si 106. Ni 56. Kipimo hiki huhesabu nguvu ya sauti imezidishwa mara ngapi: ikizidishwa mara mbili, kipimo hupanda 3, mara kumi, hupanda 10, mara mia, hupanda 20. Jenereta tisa za nguvu moja, zikiwa umbali mmoja na wewe, hupandisha kipimo kwa 9 na nusu. Yaani 53 yawa 62 na nusu, na ndivyo simu ilivyosema.

Sikio la binadamu nalo lina hesabu yake. Desibeli 10 zikiongezeka, sisi twasikia kama kwamba sauti imekuwa maradufu tu. Kwa hivyo jenereta tisa hazikuniumiza mara tisa. Ziliniumiza karibu mara mbili. Sikio lapunguza makali, na huu ndio mtego. Kelele inayoongezwa chanzo kimoja kimoja hatuioni ikikua. Lori la pili lilipoingia nilihisi mabadiliko. La tisa lilipoingia sikuhisi chochote, kwani lilikuwa limeongeza nusu ya desibeli, na sikio la kawaida haligundui tofauti iliyo chini ya moja.

Sasa geuza hesabu hiyo upande wa pili. Tuseme nimekwenda kwa dereva mmoja kati ya wale tisa, nikamwamsha, nikamwomba azime jenereta yake kwa kuwa watu wamelala. Atanijibu nini? "Mzee, hata nikizima mimi, hutaona tofauti." Na atakuwa na haki! Akizima, 62 na nusu yawa 62. Mke wa mtu aliye nyumba ya pili hatajua kama kuna aliyezima. Dereva amepoteza samaki au dawa za watu za mamilioni, na hakuna hata mtoto mmoja aliyepata usingizi kwa hilo.

Nimewahi kusikia watu wakiuita udhuru huo uhuni, na mimi pia nilikuwa nikidhani hivyo. Lakini udhuru wa kila mmoja wao ni wa kweli kwa kipimo. Wote tisa wana udhuru wa kweli, na nyumba haina usingizi.

Sheria yetu yasemaje? Kenya ina Kanuni za kudhibiti kelele na mtetemo za mwaka 2009, zilizotungwa chini ya sheria ya mazingira na kusimamiwa na NEMA. Zimegawa maeneo na nyakati. Mchana ni kuanzia saa kumi na mbili asubuhi hadi saa mbili usiku, na baada ya hapo ni usiku. Eneo la biashara mchana laruhusiwa desibeli 60. Nje ya makazi, 50. Sehemu za ibada, 40. Usiku kote ni 35.

Tazama sasa. Mchana, jenereta moja ya 53 kwenye eneo la biashara haina kosa. Tisa zimepita mpaka. Nani amevunja sheria? Kanuni yamzungumzia mtu: mtu asisababishe kelele inayozidi kipimo. Mtu yupi hapo? Mwenye lori la kwanza, au yule aliyeingia mwisho akapandisha jumla? Kila mmoja, akipimwa peke yake, yu safi. Ile jumla haina mwenyewe, haina nambari ya usajili, wala haina leseni ya kunyang'anywa.

Na usiku mambo yageuka. 35 ni kipimo cha chini mno. Chumba cha kulala kilichotulia chakaribia hapo. Jenereta moja tu yaupita mpaka huo kwa mbali. Kwa hivyo usiku kila mmoja ana hatia, na mahali ambapo wote wana hatia huwa hakuna anayeshtakiwa, au anashtakiwa yule asiyependwa. Hili la pili ndilo linalonitia wasiwasi zaidi, na nitalirudia nikifika nyumbani.

Lakini yafaa kwanza tuulize malori haya yamefikaje pale, kwa maana jibu lake latuhusu sisi wa Mombasa kuliko watu wa Longonot wenyewe.

Mnakumbuka 2019. Reli ya SGR ilikuwa imefika Nairobi tangu 2017, na mwezi Oktoba 2019 ikasogezwa hadi upande wa Naivasha. Agosti mwaka huohuo ilitolewa amri kwamba mizigo iendayo bara isafirishwe kwa reli, na Desemba bandari kavu ya Naivasha ikafunguliwa. Baadaye ikajengwa njia ya kuunganisha bandari kavu hiyo na reli ya zamani, ile ya mkoloni, na mahali zinapounganishwa ni stesheni ya Longonot. Kituo hiki kidogo chini ya mlima ndipo mzigo wa Uganda unapoingia kwenye reli ya zamani. Kisha Septemba 13, 2022, Rais Ruto siku ya kuapishwa kwake akatangaza kwamba shughuli za kuondoa mizigo zirudishwe Mombasa. Malori yakapumua. Leo Longonot ina vyote: reli mpya upande mmoja, reli ya zamani upande mwingine, na barabara katikati inayobeba trela kwenda Malaba na Busia. Novemba 2025 ukazinduliwa mradi wa kupanua barabara ya Rironi hadi Mau Summit, na ile ya Mai Mahiu hadi Naivasha imo ndani yake. Mashine za ujenzi nazo zina sauti zao.

Mimi nilikuwa miongoni mwa waliopinga amri ya 2019, na sijutii. Ukoo wangu una mawakala wa mizigo, una madereva, na una shangazi aliyekuwa akiuza mahamri kwa madereva pale Mariakani. Wala sisahau kwamba hesabu ya amin ilitufaa wakati ule. Wakala mmoja mwenye ofisi ya chumba kimoja alikuwa hasikiki na waziri yeyote. Fundi wa pancha hakusikika. Mama wa mahamri ndiyo kabisa. Walipoanza kutoka pamoja kila Jumatatu kuandamana mjini, sauti zilezile ndogo zikawa kitu ambacho Nairobi haikuweza kusema haijakisikia. Wala sidai kwamba maandamano peke yake ndiyo yaliyobadilisha mambo, siasa za uchaguzi zilifanya kazi yake. Nasema tu kwamba twaijua nguvu ya kujumlisha tunapokuwa sisi ndio wenye kudai. Tuijue pia tunapokuwa sisi ndio jenereta.

Kwa maana mzigo ule unaonguruma chini ya Longonot ni wetu. Madereva wengi niliowasalimia asubuhi walikuwa wa Changamwe, Miritini, Mazeras. Watu wanaokosa usingizi ni Wamasai na Wakikuyu wa pale, na wenye vioski, na watoto wao wanaoingia darasani na macho mekundu. Na madereva wenyewe vilevile. Mpwa wangu alilala saa tatu tu kwenye kibanda cha lori, huku jenereta yake ikiwa futi chache nyuma ya kichwa chake na nane za wenzake kumzunguka. Alfajiri akashika usukani kwenda kuteremsha na kupandisha milima hadi mpakani. Msomaji ambaye amewahi kupishana na trela kwenye miteremko ya bara nadhani hahitaji nimweleze zaidi.

Kuna jambo lingine la mahali pale. Usiku wa Bonde la Ufa ni wa baridi na mara nyingi hauna upepo. Hewa ya chini hupoa kuliko iliyo juu, na inapokuwa hivyo sauti haipotei angani. Huinama ikarudi chini. Mzee mmoja mwenye kioski aliniambia kwamba usiku husikia treni ambayo mchana haisikii kabisa, akadhani ni kwa sababu treni za usiku ni nzito. Uzito waweza kuwa na sehemu yake. Lakini hewa yatosha kueleza. Barabara nayo ina tabia yake. Chanzo kimoja cha sauti, ukiongeza umbali maradufu, hupungua desibeli 6. Lakini msururu wa magari usiokatika hupungua 3 tu, kwa sababu ukisogea mbali na gari moja bado uko sawa na mengine kushoto na kulia. Ndiyo maana barabara kuu husikika mbali kuliko akili inavyotarajia.

Ajabu ni kwamba eneo hilo lina sifa ya kelele, lakini ni kelele nyingine. Tangu 2021 mbio za magari za Safari Rally zimerudi kwenye mashindano ya dunia, na uwanja wake ni Naivasha na viunga vyake. Siku chache kila mwaka magari yanguruma vumbini, helikopta juu, na mji wajaa muziki usiku kucha. Magazeti yaandika, wachungaji wakemea, vijana wajitetea. Kelele ile yaonekana. Ina tarehe, ina mdhamini, ina mtu wa kuandikiwa barua. Ikiisha, imeisha. Ile ya malori haina mwandishi hata mmoja, nayo ipo siku zote za mwaka.

Nadhani kuna aina mbili za kelele na tumezichanganya. Aina ya kwanza ni ya mmoja aliyewazidi wengine. Kama kwenye uwanja kuna baa moja yenye spika kubwa, iliyopita kila kitu kingine kwa desibeli 10, basi malori yote yaliyobaki yakiongezwa juu yake hayabadilishi hata nusu ya desibeli. Hapo dawa ni kumshika mmoja, na sheria yetu ya 2009 yatosha kabisa. Aina ya pili ni ya kundi: wengi waliolingana, hakuna aliyemzidi mwenzake. Hapo kumshika mmoja ni kumwonea bure. Ukiwafungia wanne kati ya tisa, wameteseka wanne, na sauti imeshuka desibeli 2 na nusu. Watu watasema maafisa hawakufanya kazi.

Kwa aina ya pili yabidi tuulize swali tofauti. Tusianze na nani amepiga kelele. Tuanze na sikio la huyu mtu limepokea kiasi gani. Na si fikra ngeni. Kenya tunayo sheria ya namna hiyo tangu 2005, kanuni za kelele viwandani: mfanyakazi asipokee zaidi ya desibeli 90 kwa zaidi ya saa nane ndani ya siku moja. Soma maneno hayo vizuri. Mashine iwe moja au ziwe arobaini, za kampuni moja au tano, sheria haijali. Yasimama pale penye sikio la mfanyakazi na kupima kilichomfikia, kisha yamgeukia mwenye kiwanda: hapa ni pako, tafuta njia. Ndani ya kiwanda jumla ina mwenyewe. Nje ya geti yageuka yatima.

Kwa nini basi asipatikane mwenyewe huko nje? Uwanja wa malori una mmiliki anayetoza pesa ya kuegesha. Kaunti yampa kibali. Mmiliki ndiye pekee anayeweza kubadilisha mambo ya malori yote tisa kwa pamoja. Kibali chake kiandikwe kipimo cha kile kinachofika kwenye dirisha la nyumba iliyo karibu, malori yawe mangapi yawavyo.

Na njia zipo. Ya kwanza ni umbali. Uwanja ule ungekuwa mita 400 kutoka nyumba badala ya 50, umbali umezidishwa maradufu mara tatu, na kila mara ni desibeli 6. Jumla 18. Zile 62 na nusu zashuka hadi 44 na nusu. Bado yapita 35 ya sheria, lakini imeingia chini ya ile 45 ambayo Shirika la Afya Duniani lilipendekeza 2018 kwa kelele za barabarani usiku huko Ulaya. Kwa mtu aliyezoea 62, hiyo ni Pepo ndogo. Ardhi ya kusogeza uwanja mita mia tatu na hamsini, pale Longonot, haikosekani.

Njia ya pili ndiyo iliyoniudhi nilipoifikiria, kwa jinsi ilivyo karibu. Kontena la baridi si lazima linywe dizeli. Lina waya wa kuchomekwa kwenye umeme, ndivyo yanavyokaa bandarini Kilindini, yamepangwa na kuchomekwa. Kontena lililochomekwa halina injini ya dizeli inayonguruma. Ni feni na kompresa tu. Na uwanja huu uko wapi? Uko chini ya Longonot, na nyuma ya mlima huo, upande wa Hell's Gate, kuna Olkaria, ambako Kenya imekuwa ikifua umeme kwa mvuke wa ardhini tangu 1981. Nyaya kubwa za umeme zaonekana kwa macho. Chini yake madereva wetu wachoma dizeli usiku kucha kupoza samaki.

Si Longonot peke yake, lakini. Niliahidi kurudi nyumbani.

Mombasa, tunapozungumza kelele, mjadala huchukua dakika tatu kabla haujawa wa dini. Mmoja ataja kesha la kanisa, mwingine ataja adhana, wa tatu ataja muziki wa arusi barabarani, na wote wamsahau tuktuk. Ninalosema hapa nalisema nikiwa Muislamu nayeishi hatua chache na msikiti, na nataka ninukuliwe hivyo. Misikiti ya Mji wa Kale imekaribiana kwa sababu ilijengwa kwa sauti ya koo la mtu. Muadhini alipanda, au alisimama mlangoni, na sauti yake ilifika mitaa miwili mitatu. Zaidi ya hapo ulikuwa na msikiti wako. Spika zikaja, kila msikiti ukafika mtaa wa mwenzake, na hakuna aliyepunguza kwa kuwa jirani naye ameongeza. Ile adhana yenyewe ni dakika chache na ni nembo ya mji wetu, mimi siigusi. Lakini zile saa za mawaidha kwa spika za nje, misikiti minne kwa wakati mmoja, hakuna hata mmoja anayesikilizwa. Mtume (SAW) aliwazuia maswahaba waliokuwa wakisoma Qur'ani msikitini wasinyanyuliane sauti, na hiyo ni Qur'ani, bila spika. Saudi Arabia, mwezi Mei 2021, iliamuru spika za nje za misikiti zitumike kwa adhana na iqama tu, na zisizidi theluthi ya nguvu yake. Kulikuwa na manung'uniko. Lakini amri ile iliihusu misikiti yote siku moja, na hapo ndipo palipokuwa na busara yake ya hesabu: hakuna imamu aliyeambiwa azime yake huku ya jirani ikivuma.

Sasa rudi kwenye ule wasiwasi wangu wa 35. Sheria ambayo kila mtu ameivunja humpa afisa uhuru wa kuchagua. Kesho akija aliyechukizwa na misikiti, atapima msikiti na kuuacha ukumbi wa dansi. Akija mwingine, atafunga kanisa la mabati na kuiacha misikiti na mahoteli ya kitalii. Wote watakuwa na karatasi ya kipimo mkononi, na kipimo kitakuwa sahihi. Ndiyo maana sitaki tungoje NEMA ije mtaani kwetu. Kamati za misikiti zikae na wachungaji wa mtaa huo, wenye kumbi, na wenye tuktuk. Waanze kwa kumtambua aliyewazidi wote, kama yupo, ashuke yeye kwanza, kwa sababu akiwa juu wengine wakishuka ni kazi bure. Kisha waliobaki washuke kwa siku moja. Si mmoja mmoja. Nimeshaona jaribio la mmoja mmoja kwenye mtaa mmoja ambao sitautaja: msikiti mmoja ulipunguza, jumuiya ikasifiwa, na baada ya mwezi spika zikarudi kwa kuwa mzee mmoja alilalamika kwamba sasa ausikia vizuri mno ule mwingine.

Asubuhi Longonot palikuwa na ukungu na mlima haukuonekana. Saa kumi na moja na nusu jenereta tisa zikaongezewa injini tisa za malori zinazopashwa moto. Mpwa wangu alikuwa amenawa kwa maji ya kidebe, akaja tukaswali kando ya lori, wawili, na amin yetu sikuisikia hata mimi mwenyewe. Nilimweleza kwa kifupi nitakachoandika: kanuni za 2009, kibali cha kaunti, desibeli. Alisikiliza kwa adabu, kama wanavyotusikiliza, huku akikagua tairi.

"Hayo ya sheria utayajua wewe, mjomba," akasema. "Mimi niandikie soketi."

Akapanda, akaondoka. Wa nyuma yake akasogeza trela yake kwenye nafasi iliyobaki.